Vibanio Viwili kwenye Mlango wa Meli ya Sementi

Rehema, ambaye sasa ndiye mkuu wa wazamiaji pale kituoni kwetu pwani, alinipigia simu nikiwa na miezi miwili tangu nistaafu.

"Shikamoo mzee. Umeshazoea kufuga kuku?"

"Marahaba. Kuku wamenizoea mimi."

Alicheka, kisha akasema shida yake. Wamekuja wazamiaji wapya wanne, na angependa niwaandikie nilivyofanya kazi tangu mwanzo, wapate kujifunza. "Na ile ya Mzee Makame uiandike," akasema. "Kila siku wanauona ule ubao stoo, hawajui ulitokana na nini. Waambie jinsi uzembe unavyoua."

Nikamwambia nitaandika. Sikumwambia nitaandika nini.

Ubao wenyewe mnaujua, uko juu ya rafu ya mitungi: KUMBUKA MAKAME. HESABU VIBANIO KABLA YA KUKUNJA KAMBA. Kanuni iliyoandikwa pale ni sahihi. Jina si sahihi. Ninaandika kwa ajili ya jina hilo, na mengine yote nitakayosema ni njia ya kufika hapo. Mnivumilie. Nimesoma mpaka darasa la saba, na tangu nirudi hapa kijijini kwetu Kinyangiri siwezi kukaa kitini kwa muda. Nimeshasimama mara mbili tangu nianze, nikaenda kuangalia lango la zizi ambalo najua nimelifunga.

Sikuja pwani kuzamia. Nilikuja kuchimba kisima. Baba yangu alikuwa mchimba visima, na tangu nikiwa na umri wa kubeba sururu alikuwa ananishusha chini kwa kamba, kwa sababu nilikuwa mwembamba. Kisima cha kwetu unaweza kukichimba mwezi mzima ukaishia kwenye mwamba mkavu, ukasogea hatua kumi ukaanza upya. Baba alikuwa na sheria moja tu juu ya kamba: anayeishika juu haikunji mpaka auone uso wa aliyekuwa chini. Asisikie sauti tu, wala asihisi kamba kuwa nyepesi. Auone uso.

Nilipokua nilipakia magunia kwenye treni pale Itigi, na siku moja nikapanda treni yenyewe. Huko pwani nikasikia kituo cha kuzamisha wageni kinatafuta mtu wa kuchimba kisima, maana vifaa vikitoka baharini lazima vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo kutu inavila. Nilichimba siku tisa. Siku ya saba udongo ulimomonyoka kidogo ukanifunika mpaka kiunoni, na aliyekuwa juu ameshika kamba akapiga kelele kama amefukiwa yeye. Mimi nilitulia, nikauchimbua mguu mmoja, kisha wa pili.

Nilipotoka, mzee mmoja mfupi alikuwa amechuchumaa ukingoni ananitazama. Alikuwa Makame, fundi mkuu wa kuzamia.

"Wewe kijana wa wapi?"

"Singida."

"Huogopi giza?"

"Hapana."

"Unaogopa nini?"

"Maji," nikasema, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kweli. Sikujua kuogelea.

Watu waliokuwa karibu walicheka. Salehe, kijana wa rika langu aliyekuwa anajaza mitungi, akasema, "Mzee, huyo kwao bahari ni shamba la alizeti! Mwache arudi akafukuze kuku."

Makame hakucheka. "Kuogelea nitamfundisha," alisema. "Kutulia hakufundishwi."

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Singida. Hata kwenye orodha ya zamu meneja aliandika Singida.

Nilijifunza kuogelea kwa wiki sita, nikiwa nimefungwa kamba kiunoni kama mbuzi, watoto wa pale wakinitazama kutoka ufukweni. Kisha nikafundishwa mtungi, mkanda wa risasi wa kukuzamisha, na geji inayokuonyesha hewa iliyobaki. Makame alinikabidhi regulata ya zamani ya kupumulia, iliyokuwa inavuja kidogo pembeni mwa mdomo. Nililalamika. Akasema, "Hiyo itakukumbusha kwamba uko majini." Vijana wa sasa mnapewa mpya kwenye boksi, na sisemi ni vibaya. Ila mnapokea kifaa bila kukifungua, bila kunusa hewa ya mtungi kwanza. Hewa nzuri haina harufu. Ukisikia mafuta ya kompresa inayojaza hewa, usishuke, hata mgeni akikasirika. Mgeni atapoa.

Meli yenyewe tuliiita Sementi kwa sababu ya mzigo wake. Mnaifahamu ilivyo, imeegemea ubavu kando ya mwamba wa matumbawe, sitaha yake kwenye mita ishirini na kitu. Mara ya kwanza nilipoishukia nilitazamia kitu cha kutisha. Nikakuta vyuma vimeota matumbawe mpaka huwezi kujua meli inaishia wapi na mwamba unaanzia wapi. Kwenye chumba cha mizigo mifuko ya karatasi ilikuwa imeoza yote, na sementi imebaki imepangwa vilevile kama ilivyopakiwa, jiwe juu ya jiwe, kila jiwe na umbo la mfuko. Nilikumbuka magunia ya Itigi. Nilifikiri juu ya watu walioipanga vizuri vile, na mgongo ukaniuma kwa niaba yao.

Ndani ya chumba kile hatari si papa, kama wageni wanavyodhani. Hatari ni tope laini lililolala juu ya kila kitu. Piga pezi moja vibaya, linanyanyuka, na tochi yako inakuwa kama taa kwenye moshi. Mkono wako mwenyewe huuoni. Ndiyo sababu ya kamba. Tunaifunga nje mlangoni, tunaingia nayo, na tunarudi tukiipapasa.

Vibanio vilikuwa wazo la Makame mwenyewe. Alivichukua kwenye kamba ya nguo ya mke wake, Bi Zuhura, vile vya plastiki. Kila anayeingia ndani anabana kibanio chake kwenye kamba hapo mlangoni. Akitoka anakichukua. Atakayekuja mwisho kukunja kamba anatazama: kama hakuna kibanio, hakuna mtu ndani. Vya kwanza vilikuwa vyekundu, vikaonekana vyeusi kule chini, maana maji yanakula rangi nyekundu kwanza. Akaleta vya njano, akavikata alama kwa kisu ili kidole kivitambue hata gizani. Changu alama moja, cha Salehe mbili, chake tatu.

"Kibanio cha mtu ni mtu," alituambia. "Usimshike mwenzio bila ruhusa yake."

Salehe, ambaye mwanzoni alitaka nirudi kwa kuku, ndiye tuliyezama naye miaka kumi na moja. Alikuwa msemaji sana nchi kavu, na chini mtulivu kuliko mimi. Tukiwa kwenye boti alikuwa ananiambia, "Singida, leo ukimwona samaki usimkimbize, si kuku huyo," na alisema hivyo kila wiki kwa miaka kumi na moja, na kila mara alicheka mwenyewe kwanza.

Tulipata kazi ngumu pamoja. Mgeni mmoja, mwanamume mkubwa wa mwili, alishikwa na woga ndani ya chumba cha injini, akaing'oa regulata mdomoni mwake kisha akaja kuing'oa yangu. Nilimpa ya akiba, nikamshika mashavu kwa mikono miwili kama mtoto, nikamtazama machoni mpaka akapumua. Juu kwenye boti alisema kifaa kilikuwa kibovu. Nikamwambia pole. Sijui kama hilo ni uongo. Nilimpa pole kweli.

Katika miaka hiyo mimi na Salehe tukajenga tabia. Atakayetangulia kutoka, akihisi mwenzake yuko nyuma yake, anachukua vibanio vyote viwili. Ishara ilikuwa kugongwa kisigino mara mbili, maana yake niko hapa, natoka. Ilikuwa ni adabu tu, kama mtu anayeondoa kikombe chako mezani pamoja na chake. Makame alituona mara moja, akatufokea mbele ya wageni. Tukaacha kufanya mbele yake.

Sasa nimefika.

Ilikuwa asubuhi, hakuna wageni. Wavu wa wavuvi ulikuwa umenasa kwenye chumba cha mizigo na meneja alitaka utolewe kabla ya msimu wa wageni. Mimi na Salehe tuliingia kukata. Makame angeshuka baadaye kidogo, akate vipande vilivyonasa kwenye ukingo wa sitaha upande wa mbele, kisha aje mlangoni kukunja kamba. Tulibana vibanio vyetu mlangoni. Niliviona vikiwa pamoja, alama moja na alama mbili.

Kazi ya wavu inanyanyua tope sana. Baada ya dakika ishirini hatukuwa tunaonana. Nilimshika Salehe bega, nikampa ishara ya kutoka, tukageuka, mimi mbele na mkono kwenye kamba. Karibu na mlango niligongwa kisigino. Mara mbili. Nikatoka kwenye mwanga, nikabandua vibanio vyote viwili, nikavitia mfukoni, nikaelekea kwenye kamba ya boya kupanda.

Sikugeuka kumtazama. Hilo ndilo jambo lote. Ningegeuza shingo tu.

Salehe alikuwa amerudi ndani baada ya kunigonga. Alisahau kisu chake kwenye wavu.

Nilisimama mita tano, kama inavyotakiwa, dakika tatu mwili utoe gesi. Nikatazama chini nikaona mapovu ya mtu yanapanda kutoka pale mlangoni. Nikasema moyoni, yule Salehe anakuja. Alikuwa Makame. Amefika mlangoni, hakuona kibanio, na huku juu kaniona mimi kwenye kamba ya boya, akajua mwenzangu ameshatangulia botini. Akakunja kamba yote.

Nilipoingia kwenye boti nikamuuliza nahodha, "Salehe yuko wapi?"

Nahodha akasema, "Si ulikuwa naye wewe?"

Makame alitokea juu na kamba imekunjwa vizuri mkononi. Alitutazama, akatuhesabu. Tulibadili mitungi tukarudi chini wawili. Tulimkuta Salehe hatua sita kutoka mlangoni, amejikunja kwenye kona ambayo kamba ilikuwa inapita. Kisu chake kilikuwa mkononi. Alikuwa amefika mahali kamba ilipotakiwa kuwa.

Meneja alituita mmoja mmoja kesho yake. Nakumbuka maneno yangu yote, kwa kuwa hayakuwa mengi.

"Ulichukua kibanio chako?"

"Nilichukua."

"Ulipotoka, kibanio cha Salehe kilikuwepo mlangoni?"

"Kilikuwepo."

Hakuuliza tena. Hakuna neno nililosema pale ambalo halikuwa kweli. Mimi ni mtu ambaye nikizidishiwa chenji dukani narudi kwa miguu, na watu wa kituoni walilijua hilo, ndiyo maana waliniamini. Makame alipoingia alisema, "Mlangoni hapakuwa na kibanio hata kimoja." Meneja akamwambia, "Singida amesema kilikuwepo. Singida hasemi uongo." Nilikuwa nje ya mlango, nikasikia. Alipotoka alinitazama kwa muda. Sikuona hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

Hakuzama tena. Walimweka kwenye kompresa, ajaze mitungi, mwaka mmoja na nusu, akaacha kazi. Vijana wakaanza msemo: mtu akisahau kitu, "ah, usifanye ya Makame." Mama yake Salehe alikuja kuchukua nguo za mwanawe, akanishika mkono akanishukuru kwa kuwa rafiki yake. Naye ameshakufa. Makame alipofariki nilikwenda mazikoni, nikabeba jeneza upande wa mbele kulia. Nilikuwa na nafasi nyingi za kusema, na sitazihesabu hapa zionekane chache.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzo niliogopa. Baadaye haikuwa woga tena, ilikuwa kama kisima kilichofunikwa. Kila mwaka unapita juu yake, unajua kipo, unazungusha miguu.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Niliwafundisha wengi wenu, akiwemo Rehema. Mlikuwa mnanicheka kwa kuwa kila nikitoka mlangoni nageuka, nasubiri uso wa aliye nyuma, hata kama ni mgeni mwenye kiherehere anayenisukuma. Mlisema Singida anahesabu kuku wake. Sasa mnajua.

Hapa Kinyangiri watu wananiuliza habari za bahari. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza vitunguu, aliniambia, "Baba, wewe ulikuwa unalipwa kuoga?" Nikacheka naye. Lakini nikikaa, mkono unakwenda wenyewe kifuani kutafuta geji. Nikienda kanisani nakaa karibu na mlango. Vijana wa kijiji wanachimba kisima nyuma ya shule, na juzi nilikwenda kuangalia mara nne kwa siku moja. Mara ya nne yule anayeshika kamba akaniambia, "Mzee, hatumpotezi mtu, kapumzike." Nikamuuliza anakunja kamba wakati gani. Akasema, "Akishatoka." Nikamwambia, "Ukishamwona uso." Akasema ni kitu kilekile. Niliondoka, kwa kuwa nilikuwa karibu kumfokea kijana wa watu.

Siku hiyo nilimpigia simu Bi Zuhura, mke wa Makame. Niliona si haki asome kwenu kabla hajasikia kwangu.

"Singida! Kumbe bado u hai?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huko kwenu mvua imenyesha?"

"Bado mama. Mama, nina neno la Mzee."

Nikamwambia lote kama nilivyowaandikia, la vibanio viwili, la mfukoni, la kwa meneja. Alikuwa anaosha vyombo. Nilisikia maji, kisha sikusikia maji.

"Makame," alisema, "alikuwa ananihesabia vibanio vya nguo. Kila nikianua, anakuja. 'Zuhura, pale palikuwa na viwili. Kimoja umekitoa wewe, au kimeanguka?' Namjibu nimekitoa mimi. Anaridhika. Kesho anauliza tena. Sisi tukasema ni uzee."

Nilisimama, nikakaa tena.

"Hakujua," akasema. "Alikufa anadhani macho yake yalimdanganya."

"Nisamehe mama."

"Ule ubao bado upo?"

"Upo."

"Basi usinililie mimi, mwanangu. Mimi nitafanya nini na machozi yako? Huo ubao umekaa miaka yote pale, na wajukuu wake wanapita mlangoni mwa stoo hiyo wakienda shule. Kaushughulikie." Akakata simu. Nilikaa nikiwa na simu sikioni, nikasubiri arudi. Hakurudi.

Kwa hiyo, Rehema, hii ndiyo kumbukumbu uliyoniomba. Wasomee wote, usiruke hapo palipo na jina langu. Kanuni ya vibanio ibaki, ilikuwa yake na ilikuwa nzuri. Muongeze na ya baba yangu, ya kuona uso, kwa sababu kibanio kinaweza kuchukuliwa na mtu mwenye nia njema.

Ubao msiutoe. Nimekata tiketi ya basi ya Jumatatu, nakuja na kibanio cha Salehe, kile chenye alama mbili; kimekaa kwangu kwenye kopo la maziwa muda wote huu. Nitautoa mwenyewe mbele yenu, na Bi Zuhura akikubali, mbele yake. Mnitafutie bisibisi bapa iliyo imara. Una skrubu nne, na ya chini kushoto kichwa chake kililika siku ile ile ulipowekwa. Najua, kwa kuwa aliyepewa kazi ya kuufunga nilikuwa mimi, na niliukaza sana.